Somo la Kutembea

Ulishuka kwenye Fuso saa tisa usiku, Mnazi Mmoja,
miguu ikitetemeka kama meza ya mgahawa.
Dereva akasema, Dada, chukua mzigo wako, sitaki hata ya chai.
Kulipokucha mtaa mzima ulishajua:
Somoe kaenda Nairobi usaisi, miaka tisa,
karudi Lindi na punda mrefu.

Mama alikuzunguka mara mbili, akainama,
akatazama pale wanapotazama wanunuzi wa mbuzi.
"Huyu kahasiwa."
Ndiyo, mama.
"Halimi, hazai, haliwi."
Sikumwambia kuwa kano yako ilipochanika, na tajiri akafilisika,
wewe ndiwe uliyekuwa mshahara wangu wa miezi kumi na moja.

Basi tukaanza.
Si kufundisha. Kufundua, fundo kwa fundo.

Ulizoea kupandwa ukiwa mwendoni,
mtu akirushwa juu kama kigunia cha ufuta,
magoti yake yakielea mabegani mwako.
Hujawahi kuguswa tumbo na mguu wa binadamu.
Mara ya kwanza nilipokubana kwa miguu miwili
uliruka kando ukaniacha hewani,
nikatua kwenye tope la chumvi, meno yakigongana.
Vijana wa mabwawa ya chumvi waliweka koleo chini, wakahesabu: moja!
Kufikia Ramadhani walikuwa kwenye kumi na nne.

Kona ulizijua za upande mmoja.
Kulia ulikwenda kama maji.
Kushoto ulikuwa mlango uliovimba kwa mvua.
Nikakutembeza juu ya kingo za mabwawa,
njia yenye upana wa kitanda cha kamba,
ambapo anayetaka kukimbia sharti ajue kuogelea.

Na hatamu, hapo ndipo penye fundo lenyewe.
Kwa dunia nzima, kuvuta ni kusimama.
Kwako kuvuta ni: sasa, baba, toa ulichobakiza.
Kila nilipoogopa nilivuta, kila nilipovuta uliongeza,
tukagombana hivyo msimu mzima wa korosho,
neno moja, maana mbili, na mikono yangu malengelenge.

Nami je?
Bado naamka saa kumi, na hapa hakuna mkufunzi wa kupiga filimbi.
Nakoroga pumba gizani. Nafagia banda nililolifagia jana usiku.
Lala, mwanangu, mama anasema kupitia ukuta,
hakuna anayekukimbiza.
Najifanya sijasikia.

Jumamosi ile nilimpandisha Mtopela,
karani wa mizani ghalani kwa ushirika,
mwanafunzi wangu wa kwanza wa kulipa: elfu tatu,
kofia ya pikipiki kichwani,
akisoma Kulhuwallahu kwa haraka ya mtu anayejua kilo zake.
Tukapita nyuma ya uwanja. Sikujua kuna mechi.
Filimbi. Halafu goli.
Halafu watu elfu moja wakasimama kwa sauti moja,
masikio yako yakaenda mbele,
na nikaliona, jamani, nikaliona lango la chuma
likifunguka ndani ya jicho lako.

Kamba ikanichomoka.
Nilipiga kelele neno ambalo hakuna mwalimu wa farasi analolisema:
Achia! Mtopela, achia!
Akaachia. Si kwa ujuzi, kwa woga;
alikukumbatia shingo kama mtoto aliyeona jongoo.
Ukakimbia hatua kumi. Kumi na tano.
Ukasikiliza mdomoni: hakuna anayedai kitu.
Ishirini, na mwendo ukaanza kukuishia wenyewe,
kama pumzi ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Niliwakuta penye rundo la mabibo ya mtu.
Wewe unatafuna, juisi inatiririka kidevuni.
Mtopela, angali kalala shingoni, macho kafumba:
"Somoe, na huu mzunguko unahesabiwa?"

Jumapili niliamka saa kumi, kama kawaida.
Ulikuwa umejilaza chini, ubavu mzima, unakoroma.
Nikakaa mlangoni na ndoo yangu ya pumba,
sina ubavu wa kukuamsha.